USIACHE MBACHAO: BAISIKELI NZITO NA BAISIKELI NYEPESI

Kila asubuhi, katika pande za Kizingo kisiwani Mombasa, baisikeli huanza kupita kabla magari hayajajaa barabarani. Nyingine zatoka Mji wa Kale, zapita mbele ya Fort Jesus na kuelekea kusini. Nyingine zapanda kutoka kivuko cha Likoni na kuifuata barabara ya Mama Ngina, penye mibuyu mikubwa na upepo wa bahari. Mtu akitazama vizuri ataona kuwa baisikeli hizo ni za namna mbili. Iko ile kubwa nyeusi, yenye magurudumu ya inchi 28, breki za vyuma virefu na keria nene ya kuchukulia gunia. Na iko ile nyepesi, yenye gia nyingi na breki za nyaya, ambayo mara nyingi imefika bandarini ikiwa imekwisha kutumika Ulaya au Ujapani.

Watu wengi walio na ile kubwa hujiuliza kama wakati umefika wa kuiacha na kuchukua ile nyepesi. Swali hili si la mchezo. Mtu ambaye baisikeli ndiyo miguu yake, akikosea katika kubadili, hupoteza fedha, na pengine hupoteza riziki. Asipobadili wakati ipasavyo, magoti yake ndiyo yatakayolipa. Kwa hiyo yafaa jambo hili lipimwe kwa hesabu, wala si kwa macho wala kwa sifa za muuzaji.

BAISIKELI KUBWA ILIKOTOKA

Umbo la baisikeli kubwa lilitoka Uingereza. Kampuni moja iliyojulikana sana kwa kuiunda ni Raleigh ya mji wa Nottingham, ambayo Frank Bowden aliianzisha mwaka wa 1888. Mafundi wa zama hizo walikuwa na sababu kwa kila walichokifanya. Gurudumu kubwa hupita juu ya shimo ambamo gurudumu dogo lingetumbukia. Uma wa mbele uliolala nyuma kidogo hupunguza mtikiso kabla haujafika mikononi. Urefu kati ya gurudumu la mbele na la nyuma huifanya baisikeli itulie hata ikibeba mzigo. Breki za vyuma hazina waya wa kukatika njiani, mahali pasipo fundi wala duka.

Baisikeli ya namna hiyo ilifaa sana barabara za udongo za Afrika ya Mashariki. Baadaye viwanda vya India na China vilichukua umbo lile lile, na watu wa Kenya wakaipa baisikeli hiyo jina la Black Mamba. Raleigh waliacha kuunda baisikeli Nottingham mwaka wa 2002, lakini India yaendelea kuziunda za namna hii hata leo. Basi asiidharau mtu kwa sababu ni ya kale. Haikuundwa nzito kwa ujinga. Iliundwa nzito kwa kazi yake.

MFANO WA MTU MMOJA

Ili jambo lieleweke, tuseme yuko mtu akaaye Mji wa Kale, katika nyumba ya ghorofa, naye chumba chake ni cha juu. Kazi yake ni ukarani, na ofisi yake iko Kizingo. Amekuwa na baisikeli kubwa kwa miaka 20. Zamani, kila mwisho wa mwezi, alivuka Likoni, akashika njia ya kusini hadi Ng'ombeni, kisha akapanda mlima kwenda Kwale kwa jamaa zake, mahali palipo zaidi ya mita 300 juu ya bahari. Alirudi na nazi na mihogo juu ya keria, wala baisikeli haikumwangusha hata siku moja.

Sasa mtu huyu amepita miaka 50. Kwale huenda kwa matatu. Baisikeli humpeleka kazini, sokoni Marikiti, na mara moja moja Likoni. Usiku huipandisha ngazini kwa bega, kwa kuwa haithubutu kulala nje. Magoti yamuuma. Jirani yake kijana amemwambia yuko mtu auzaye baisikeli nyepesi ya mtumba, na kwamba akiuza ile kubwa atapata nusu ya bei. Je, afanyeje?

UZITO HUFANYA NINI

Baisikeli kubwa ikiwa na keria, madigadi na kengele yake huwa na uzito wa kilo 20 au zaidi kidogo. Nyepesi ya kazi zote, yaani isiyo ya mashindano, huwa kama kilo 13. Tofauti ni kilo 7. Wengi husikia hivyo wakadhani kwamba watapanda mlima kwa nguvu kidogo mno. Lakini hesabu yasema vingine.

Mlimani mtu hapandishi baisikeli peke yake. Hujipandisha na mwili wake. Kama ana kilo 65, basi yeye na baisikeli kubwa ni kilo 85, na yeye na baisikeli nyepesi ni kilo 78. Kilo 7 katika kilo 85 ni kama sehemu moja katika 12. Hiyo ndiyo nafuu yote aipatayo kwa wepesi peke yake. Katika barabara tambarare nafuu ni ndogo zaidi, maana mtu akiisha kushika mwendo, kimzuiacho sana ni upepo na msuguano wa tairi. Na yule abebaye gunia la kilo 50 kila siku hataona tofauti yoyote ya maana.

Lakini yako mahali pamoja ambapo wepesi ni neema kubwa, nayo ni pale baisikeli inapombeba mtu kinyume, yaani mtu anapoibeba yeye. Ngazini, kilo 13 badala ya 20 ni kupunguziwa theluthi ya mzigo. Vivyo hivyo katika kuiinua juu ya matatu, au kuigeuza ndani ya ushoroba mwembamba wa Mji wa Kale. Basi swali la kwanza kwa mtu atakaye baisikeli nyepesi ni hili: je, huiendesha tu, au huibeba pia?

MENO YA GIA

Kama wepesi hausaidii sana mlimani, mbona aliye na baisikeli nyepesi humpita mwenziwe katika mteremko wa kivuko wakati wa kupanda? Sababu ni gia.

Gurudumu la meno la mbele huvuta lile la nyuma kwa mnyororo. Tuseme baisikeli kubwa ina meno 44 mbele na 18 nyuma. Zidisha inchi 28 za gurudumu kwa 44, kisha gawanya kwa 18: jibu ni kama 68. Maana yake ni kwamba mzunguko mmoja wa pedali huisukuma baisikeli mbele kama mita 5.5. Hiyo ni hatua nzuri katika barabara tambarare, lakini ni hatua ndefu mno kwa mtu apandaye mlima, sawa na mtu anayelazimishwa kuruka ngazi mbili mbili.

Sasa itazame baisikeli nyepesi ya magurudumu ya inchi 26, yenye meno 40 mbele na 20 nyuma. Zidisha 26 kwa 40, gawanya kwa 20: jibu ni 52, na mzunguko mmoja wa pedali ni kama mita 4.2. Akishusha gia hadi meno 28 mbele na 28 nyuma, mzunguko mmoja huwa mita 2 na kidogo tu. Huenda polepole, lakini magoti hayaumii. Kazi ya kupanda ni ile ile. Imegawanywa katika hatua nyingi ndogo.

DAWA NDOGO KABLA YA DAWA KUBWA

Kwa kuwa gia ndiyo itoayo nafuu kubwa, mtu asikimbilie kununua baisikeli mpya kabla hajajaribu dawa ndogo juu ya ile aliyo nayo.

Ya kwanza ni kiti. Watu wengi huketi chini mno, hata magoti yakajikunja kama ya mtu achutamaye. Kipimo ni rahisi. Keti juu ya baisikeli huku umeegemea ukuta, weka kisigino juu ya pedali iliyo chini kabisa: mguu uwe umenyooka. Kisha uendeshapo, kanyaga kwa sehemu ya mbele ya wayo, na goti litabaki limekunjika kidogo tu. Dawa hii haigharimu kitu.

Ya pili ni kubadili gurudumu la meno la nyuma. Fundi akitoa lile la meno 18 na kutia la 22, hesabu ya 28 mara 44 gawanya kwa 22 hutoa 56, na mzunguko wa pedali hushuka kutoka mita 5.5 hadi kama 4.5. Fundi ataongeza pingili chache za mnyororo, na kazi imekwisha. Baisikeli itapungua mbio katika tambarare, lakini mlima utapandika.

Ya tatu, kwa mwenye kuweza, ni gurudumu la nyuma lenye gia tatu ndani ya kitovu. Sturmey-Archer wa Nottingham walianza kuuza mwaka wa 1936 kitovu chao cha gia tatu kiitwacho AW, na umbo hilo limedumu miaka mingi. Gia yake ya chini hupunguza hatua kwa robo, na ya juu huiongeza kwa theluthi.

Yule karani wetu akifanya hayo mawili ya kwanza, huenda magoti yakapona naye asiwe na haja ya kununua chochote. Lakini ngazi zitabaki, na uzito wa kilo 20 begani utabaki. Tena liko jambo la tatu, kubwa kuliko yote mawili, nalo ni mvua.

BREKI WAKATI WA MASIKA

Rimu za baisikeli kubwa ni za chuma kilichopakwa kromiamu. Siku ya jua breki hushika. Masika yanapokuja Mombasa, mwezi wa Aprili na wa Mei, maji hukaa juu ya kromiamu kama mafuta, na kipande cha mpira huteleza badala ya kushika. Baisikeli iliyozoea kusimama kwa hatua chache huhitaji sasa nafasi kubwa zaidi. Katika mteremko wa kushukia kivukoni, penye umati wa watu na magari yanayosubiri, nafasi hiyo haipo.

Rimu za alumini hushika vizuri zaidi zikiwa na maji, nazo ndizo zilizo katika baisikeli nyingi nyepesi. Kwa mtu apitaye mteremko kila siku mwaka mzima, jambo hili peke yake laweza kuwa sababu ya kutosha ya kubadili, kuliko wepesi na kuliko gia. Na atakayebaki na rimu za chuma, sharti ajizoeze wakati wa mvua kuishika breki kidogo kidogo mapema ili maji yafutike, na kwenda polepole kuliko desturi.

AKIAZIMU KUNUNUA

Mtu akiisha kupima hayo akaazimu kununua baisikeli nyepesi ya mtumba, ayatazame mambo haya kabla ya kufungua mkoba.

Kwanza, fremu. Atazame chini, mahali mabomba mawili yanapokutana nyuma ya uma wa mbele. Rangi iliyokunjamana au kupasuka hapo ni dalili kwamba baisikeli imegonga kitu. Hiyo asiinunue hata kwa bei ya bure.

Pili, mnyororo. Achukue rula. Katika mnyororo mpya, kutoka kipini kimoja hadi kipini cha 24 baada yake ni inchi 12 kamili. Ikiwa zimefika inchi 12 na sehemu moja ya nane, mnyororo umekwisha, na pengine umekwisha kuyala meno pia. Gharama hiyo ihesabiwe katika bei.

Tatu, tairi, na hapa ndipo wengi wanaponaswa. Mtu huambiwa tairi ni ya inchi 26, akanunua tairi nyingine ya inchi 26, nayo ikakataa kuingia. Sababu ni kwamba jina moja hutumiwa kwa vipimo viwili. Msomaji atafute ubavuni mwa tairi namba mbili zenye kistari kati yake. Namba ya pili ni kipenyo cha mahali tairi linapokaa juu ya rimu, kwa milimita. Inchi 26 za Kiingereza za zamani ni 590. Inchi 26 za baisikeli za milimani ni 559. Vivyo hivyo, inchi 28 za baisikeli kubwa nyeusi ni 635, na inchi 28 za baisikeli nyingi za Ulaya ni 622. Namba hiyo ya pili isipolingana, tairi halitaingia. Kwa hiyo, kabla ya kununua baisikeli, mtu aende kwa fundi wake akamwulize kama tairi za namba hiyo zapatikana mjini siku zote. Baisikeli nzuri isiyo na tairi ni pambo la ukutani.

Nne, keria. Atazame karibu na kitovu cha gurudumu la nyuma kama fremu ina matundu ya skrubu ya kufungia keria na madigadi. Baisikeli za mashindano mara nyingi hazina. Tena ajue kwamba keria nyingi za baisikeli nyepesi zimeandikwa mwisho wa mzigo kuwa kilo 25. Gunia la kilo 50 au abiria mzima ni kuivunja kwa makusudi.

Tano, upana wa tairi. Kwa barabara za mjini zenye lami, mawe na mashimo machache, tairi lenye upana wa milimita 40 hivi, lisilo na meno makubwa, lafaa. Meno makubwa ni ya matope. Juu ya lami hunguruma na kula nguvu za mwendeshaji.

CHUMVI YA BAHARI

Anayekaa pwani ana adui ambaye wa bara hamjui. Upepo wa bahari upigao barabara ya Mama Ngina, na bustani ya ufuoni iliyofunguliwa huko mwaka wa 2019, huleta chumvi isiyoonekana. Fremu ya chuma hushikwa na kutu, lakini ikivunjika fundi wa karibu huiunga kwa moto. Fremu ya alumini haishiki kutu nyekundu, lakini ikipasuka hutaka fundi mwenye mashine maalumu, na hata hivyo haiwi kama zamani. Tena bomba la kiti likiwa la chuma ndani ya fremu ya alumini, chumvi huyagandamanisha mawili hayo hata yasitoke.

Dawa ni kazi ya dakika chache. Mara moja kwa wiki ifute baisikeli kwa kitambaa chenye maji matamu, ikaushe, kisha utie mafuta kwenye mnyororo na kufuta yanayozidi. Kila baada ya miezi mitatu livute bomba la kiti, lipake grisi, ulirudishe. Asiye tayari kufanya hivyo asibadili baisikeli, maana nyepesi yenye nyaya na gia nyingi huumia kwa uvivu kuliko ile kubwa.

MWEZI MMOJA WA KUJARIBU

Turudi kwa karani wetu. Ameinua kiti, ametia meno 22, na magoti yamepata nafuu. Walakini ngazi zamchosha, na mwezi wa Mei almanusura amgonge mchukuzi kivukoni kwa sababu ya breki. Basi aenda kwa fundi wake.

"Fundi, nataka kuiuza hii nikamate ile nyepesi."

"Mzee wangu," fundi amjibu, "nunua kwanza, uza mwisho. Ukae nazo zote mbili mwezi mzima. Kila uendako andika ni ipi uliyoichukua."

Shauri hilo ni jema kwa mtu yeyote awezaye kulifuata. Mwisho wa mwezi karatasi itasema kweli. Kama safari nyingi ni za kazini, sokoni na ngazini, nyepesi imeshinda. Kama safari nyingi ni za magunia, nzito imeshinda, wala si aibu. Na kama muuzaji hakubali kungoja, heri kuikosa bahati hiyo kuliko kuuza chombo kinachojulikana kwa ajili ya kisichojulikana.

Wahenga walisema: Usiache mbachao kwa msala upitao. Maneno hayo hayamkatazi mtu kununua msala mpya. Yamkataza kuutupa mkeka wake kabla hajajua kama msala umekuja kukaa. Karani wa mfano huu, mwezi ulipokwisha, aliona kwamba baisikeli kubwa ameichukua mara mbili tu. Hakuiuza. Aliivusha Likoni akampa mpwa wake wa Ng'ombeni, ambaye hubeba nazi kila siku hadi barabarani, naye hana ngazi ya kupanda. Mpwa aliyekuwa akichukua mzigo kichwani akapata chombo kilichoundwa kwa kazi ile ile, na mjomba akapata bega lake. Mgeni aliingia, na mwenyeji hakutupwa.